Kusimamia uvunaji wa miti: soma visiki kabla ya kuhesabu magogo

Ukifika kwenye kitalu kinachovunwa, iwe West Kilimanjaro, Rongai au Meru, usikimbilie uwanja wa magogo. Pale kila kitu kimeshapangwa vizuri, na aliyekata vibaya ameshafukia dhambi zake chini ya lundo. Pita kwanza kwenye visiki vya jana. Kisiki kinabaki pale pale na alama zote: mkataji alisimama wapi, alikuwa na haraka kiasi gani, na kama mti ulikwenda alikoutuma au ulijiendea wenyewe.

Chukua saiprasi yenye kipenyo cha sm 40 pale inapokatwa. Upande ilikoangukia, kisiki kionyeshe mdomo, yaani pengo linalokatwa kwanza, ulioingia ndani sm 8 hadi 10, yaani kati ya moja ya tano na robo ya kipenyo. Nyuma ya mdomo kuna bawaba, ukanda wa nyuzi zilizokatika kwa kuvutwa na si kwa msumeno, unene wake sm 4 hivi kutoka ncha moja hadi nyingine. Kisha unaona mkato wa nyuma, bapa, uliokaa juu ya sakafu ya mdomo kwa sm 2 hadi 3. Ile ngazi ndogo kati ya mkato wa nyuma na mdomo ndiyo inayozuia shina lisiteleze kurudi nyuma na kumgonga mkataji kifuani.

Sasa angalia makosa. Bawaba nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili inakuambia opereta alikata akiwa amesimama sehemu moja tu na hakuzunguka kuangalia ncha ya upanga wa chensoo imefika wapi; mti huo ulijizungusha ukiwa hewani, ukavutwa kuelekea upande wenye nyuzi nyingi. Kisiki kisicho na bawaba kabisa maana yake amekata moja kwa moja hadi mdomoni, na kuanzia hapo alikuwa anaomba Mungu tu. Mkato wa nyuma ulioteremka chini ya mdomo ni wa mtu aliyechoka au asiyejua. Ukiona mkato wa chini wa mdomo umepitiliza kuelekea bawaba, ujue mikato miwili haikukutana: mdomo ulifunga mapema mti ukiwa bado nusu njia, na bawaba ikakatika kabla ya wakati wake. Na ukikuta kipande cha shina kimebaki kimesimama juu ya kisiki kama ubao wa mlango, msimamishe opereta huyo siku hiyo hiyo. Huo ni mti uliopasuka kwenda juu, na nusu iliyopasuka hurushwa nyuma kwa nguvu kule anakosimama mwenye chensoo.

Kupasuka huko hutokea zaidi kwenye miti iliyoegemea mbele, na mikaratusi ni hodari wa tabia hiyo kuliko saiprasi. Dawa yake inajulikana. Mdomo usiwe wa kina sana, na mkato wa nyuma usianzie nyuma. Opereta achomeke ncha ya upanga kupitia ubavuni, akiacha bawaba mbele na kipande cha kushikilia nyuma, atengeneze kwanza bawaba sahihi, kisha amalize kwa kukata kile kipande cha nyuma. Mti unaachia kwa mara moja, yeye tayari akiwa pembeni. Kuchomeka kunataka ujuzi: anaanza na sehemu ya chini ya ncha, akisimama pembeni mwa mstari wa upanga, kwa sababu robo ya juu ya ncha ndiyo inayorusha chensoo nyuma kuelekea usoni. Asiyefundishwa mkato huu asipewe miti iliyoegemea. Mafunzo hayako mbali: Moshi kuna Chuo cha Viwanda vya Misitu, na Arusha kuna Chuo cha Misitu Olmotonyi.

Kuna na urefu wa kisiki, ambao watu huuchukulia kama jambo la usafi tu. Kisiki kisizidi sm 15, na kwenye mteremko unapima kutoka upande wa juu. Sehemu ya chini ya mti ndiyo nene kuliko zote, na katika mashamba ya serikali mti huuzwa ukiwa umesimama, kwa hiyo ulishaulipia wote. Ukiacha sm 30 za ziada kwenye mti wa kipenyo cha sm 40 umeacha mita za ujazo 0.038. Mti mmoja hauumi. Miti 100 ni karibu mita za ujazo 3.8 zimebaki porini, tena za gogo bora. Opereta huacha visiki virefu kwa sababu kuinama kunachosha mgongo, au kwa sababu vichaka havijafyekwa kuzunguka shina. La pili ni kosa la msimamizi: msaidizi hana panga, au hana kazi aliyopangiwa.

Siku ya kutembea

Kazi kubwa ya msimamizi hufanyika kabla chensoo haijawashwa. Vibali navipitia haraka, maana kila mfanyabiashara anavijua: usajili wa mwaka, leseni ya kuvuna, risiti ya malipo kwa TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), na ramani ya kitalu. Weka nakala kitaluni, si ofisini mjini. Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 haimuulizi mkataji alitumwa na nani anapokutwa upande usio wake wa mpaka. Kwa hiyo mpaka utembelewe na ofisa wa shamba, na miti ya mpakani ipakwe rangi upande unaotazama ndani ya kitalu. Mito na vijito pia: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Pima mita hizo kwa futi kamba, weka alama, na waambie wakataji kuwa hata mti uliokauka ukiwa ndani ya alama hauguswi.

Baada ya mipaka, tembea katikati ukitazama juu. Kwenye mashamba ya Meru na Kilimanjaro kima wana tabia ya kubandua magamba ya misindano na saiprasi, hasa sehemu ya juu ya shina. Palipobanduliwa mti huoza au hukauka, na ncha ikabaki imeshikiliwa na nyuzi chache. Mtikisiko wa chensoo au kabari inayogongwa unatosha kuiangusha juu ya kofia ya mkataji. Miti ya namna hiyo itiwe alama ya X, iangushwe na opereta mzoefu kuliko wote, kabari zigongwe taratibu na msaidizi mwenye macho juu. Andika pia mizinga na mapango ya nyuki, miti iliyonasa kwenye wenzake tangu upepo wa masika, na nyayo mpya za nyati au tembo. Palipo na kinyesi kibichi cha nyati, timu isiingie vichakani mmoja mmoja alfajiri.

Halafu kuna wakulima. Mashamba haya yana watu wanaolima mahindi, viazi na maharage kati ya miche, na wanawake wanaofuata kuni. Mara tu mti ukigusa ardhi, wanaosubiri matawi huingia, wengine wakiwa na mtoto mgongoni, wakati mti wa pili tayari una mdomo. Kuwafukuza hakusaidii, watarudi ukigeuza kisogo. Kinachofanya kazi ni kukubaliana nao mapema: eneo lililokatwa leo linafunguliwa kwa kuni kesho asubuhi, na mtu mmoja wa timu anakaa kwenye njia yao na kitambaa chekundu na filimbi. Mwone mwenyekiti wa kitongoji kabla ya kuanza, wala usingoje malalamiko yamfikie yeye kwanza.

Mwisho wa kutembea ndipo unaamua njia za kukokotea, na hapo ndipo unaamua miti iangukie wapi. Wengi hufanya kinyume: wanaangusha kwanza, kisha wanatafuta njia ya kutolea magogo katikati ya fujo. Chora njia za trekta au ng'ombe, zifyeke, na upange miti iangukie kwa pembe ya digrii 30 hadi 45 na njia, shina likielekea njiani. Gogo linavutwa kwa kunyooka. Mti ulioangukia msalaba wa njia unaongeza kazi ya kugeuza, unachubua miti inayobaki kama ni uvunaji wa kupunguza, na unamtia dereva majaribuni kuvuta kwa pembe mbaya.

Nani asimame wapi

Timu ndogo inayofanya kazi vizuri ina opereta wawili wa chensoo, kila mmoja na msaidizi wake, watu wanne wa matawi na kugeuza magogo, dereva wa trekta na mfungaji mnyororo, na mpimaji. Msimamizi hayumo kwenye hesabu hiyo, na asishike chensoo. Akishika chensoo anaona mti mmoja tu. Kazi yake ni kuona wote.

Umbali ndio amri ya kwanza. Kati ya anayeangusha na mtu mwingine yeyote, isipokuwa msaidizi wake, kuwe na umbali wa mara mbili ya urefu wa mti. Mti wa mita 25, mita 50. Kwenye mteremko hakuna mtu anayeruhusiwa kuwa chini ya anayekata, hata kwa mita 200, kwa sababu gogo linalobingirika halisimami mahali ulipokadiria. Ndiyo maana kazi igawanywe kwa maeneo: opereta wanaangusha eneo la kwanza, wakimaliza wanahamia la pili, ndipo watu wa matawi wanaingia la kwanza. Kila mtu kufanya kila kitu mahali pamoja kunaonekana kama bidii, lakini ndiko kunakoua.

Kabla ya kila mti opereta asafishe njia mbili za kutorokea, kila moja kwa pembe ya digrii 45 kwenda nyuma, kushoto na kulia. Asikimbilie nyuma moja kwa moja, maana shina huweza kurudi njia hiyo. Mdomo ukiisha, msaidizi anapiga filimbi na kuangalia pande zote. Mkato wa nyuma unaanza, kabari inaingizwa mapema kabla mti haujakalia upanga, na mti unapoanza kwenda opereta anaondoka mita 5 au zaidi huku akitazama juu. Wanaobaki kusimama wakishangilia anguko ndio wanaopigwa na matawi yanayofuata sekunde chache baadaye. Upepo ukianza kuvuma kwa nguvu mchana, au ukungu ukishuka kiasi cha kutoona ncha za miti, kuangusha kunasimama. Kuna kazi nyingi za chini za kufanya.

Hapa ndipo malipo yanapoingia. Opereta anayelipwa kwa idadi ya miti ataangusha miti. Atairuka ile migumu, ataacha iliyonasa ikining'inia, atakata visiki virefu, na saa nane mchana ataanza kuacha kupiga filimbi. Nionavyo mimi, malipo ya kipande yabaki, maana bila hayo kazi inalala, lakini yahesabiwe kwa mita za ujazo zilizofika uwanja wa magogo na yagawanywe kwa timu nzima kwa viwango mlivyokubaliana. Mti ulionasa ukiwa unamzuia kila mtu kula, wenzake watamkumbusha opereta kabla yako.

Mti ulionasa

Kwa mti uliokwama kwenye mwenzake, makosa ya kuua yanajulikana na yote yanafanywa kila wiki: kupita chini yake, kukata ule ulioushikilia, kuuangushia mti mwingine juu yake ili uushushe, kupanda juu, na kukata shina vipande vipande toka chini ukiwa bado umesimama. Kila moja linaonekana kama njia ya mkato.

Njia ni hii. Kwanza zungushia utepe eneo lote ambalo mti unaweza kuangukia. Angalia bawaba bado imeshika upande gani. Kata bawaba ukiacha kona moja tu, kisha uuzungushe kwa gongo refu lenye ndoano ukisukuma kwa namna ambayo utabingirika kuondoka kwako. Usipozunguka, leta trekta: funga mnyororo mrefu kwenye shina, uvute kwenda nyuma, watu wote wakiwa nje ya urefu wa mnyororo, kwa sababu mnyororo au waya ukikatika unachapa. Kama trekta haipo leo, utepe ubaki na hakuna kazi ndani yake. Kuuacha mpaka kesho bila utepe ni kumtegea mwanamke wa kuni.

Chensoo

Opereta wengi wanajua kuendesha. Wachache wanajua kunoa, na mnyororo butu ndio chanzo cha nusu ya mikato mibovu. Angalia chini ya chensoo inapokata. Ikitoa vipande vinavyoonekana, mnyororo unauma. Ikitoa unga kama wa mahindi, imekwisha: opereta anasukuma kwa nguvu za mikono, mkato unapinda, na upanga unachemka.

Kunoa ni kila mara tangi la petroli linapojazwa, mapasi mawili matatu ya tupa kwa kila jino, si kusubiri mpaka jioni. Tupa ya duara iwe ya kipenyo sahihi: mm 4.8 kwa minyororo ya hatua ya inchi .325, na mm 5.2 au 5.5 kwa ile ya inchi 3/8 kulingana na mtengenezaji. Pembe ni kati ya digrii 25 na 30, unasukuma kutoka ndani kwenda nje, mapasi sawa kwa kila jino. Meno ya upande mmoja yakiwa mafupi kuliko ya pili, chensoo itakata kwa kupinda, na opereta atalalamika kuwa mti una fundo. Kila baada ya kunoa mara nne au tano, shusha na vile vizuizi vya kina vilivyo mbele ya meno kwa tupa bapa, vibaki chini ya jino kwa mm 0.65 hivi. Wapo wanaovishusha sana ili mashine ile haraka. Itakula kweli, na pia itaruka, itatetemesha mikono na kumaliza klachi.

Mafuta: kwa oili ya tu-stroki iliyo bora, mililita 100 kwa lita 5 za petroli, yaani 1 kwa 50; kwa oili ya kawaida mililita 200 kwa lita hizo hizo. Changanya kwenye dumu lililoandikwa, usikisie kwa kifuniko. Oili ya mnyororo ijazwe kila petroli inapojazwa. Oili chafu ya gereji ni bei rahisi, lakini ina vumbi la chuma linaloua pampu na upanga, na inamrukia mkataji ngozini siku nzima. Mashine izimwe na ipoe kidogo kabla ya kujaza, kisha isogezwe mita 3 kutoka palipojaziwa ndipo iwashwe, ikiwa chini, mguu kwenye mpini wa nyuma, breki ya mnyororo imefungwa. Kuwasha kwa kuirusha hewani ni mbwembwe za kijiweni.

Jaribu breki ya mnyororo kila asubuhi mbele ya opereta. Ikiwa haishiki, mashine hiyo haifanyi kazi siku hiyo. Kofia yenye wavu na vizuia sauti, suruali ya chensoo, buti zenye chuma na glavu navyo havina mjadala, hata kama jua ni kali. Asubuhi za baridi kule juu, mtu akikuambia vidole vimekufa ganzi na vimekuwa vyeupe, mpe kazi nyingine. Huo ni mtetemo wa mashine, na ukizoeleka haurudi nyuma.

Kukata vipande na kupima

Kwenye matawi, mkataji akae upande wa pili wa shina na tawi analokata, shina liwe kati ya mguu wake na mnyororo. Tawi lililobeba uzito wa mti hukatwa mwisho.

Kisha gogo. Kabla ya kukata, jiulize limebebwa wapi. Likiwa limelala juu ya vitu viwili, pande zote mbili, juu pamebanwa na chini pamevutika: anza juu theluthi moja, malizia kwa kukata kutoka chini. Likiwa limening'inia upande mmoja, ni kinyume: anza chini theluthi, malizia juu. Upanga ukibanwa mara kwa mara, opereta hasomi gogo. Na wakati wote asimame upande wa juu wa mteremko.

Urefu ndio unaopoteza fedha bila mtu kugundua. Mbao Arusha na Moshi zinauzwa kwa futi na inchi, wakati futi kamba ya kitaluni ni ya mita. Futi 12 ni mita 3.66. Gogo lililokatwa "mita tatu na nusu na kidogo" likifika kwenye mashine ya kupasua mbao, hata zile ndogo ziitwazo dingdong, linatoa mbao isiyofika futi 12, na mnunuzi anailipa kama fupi. Kata mita 3.75: futi 12 na nyongeza ya kusawazisha ncha zilizopasuka au kuingia matope. Tengeneza fito ya kipimo hicho, ncha zipakwe rangi, na kila timu iwe na yake. Futi kamba hukunjwa mfukoni, fito huonekana kutoka mbali.

Kipenyo kipimwe katikati ya gogo, bila gamba, mara mbili kwa msalaba, uchukue wastani. Gogo la mita 3.66 lenye kipenyo cha kati cha sm 30 ni 0.785 × 0.3 × 0.3 × 3.66, yaani mita za ujazo 0.26. Mpimaji akisoma sm 28 badala ya 30, anaandika 0.225. Tofauti ya sm 2 tu imekula asilimia 13, na kwenye magogo 100 umepoteza zaidi ya mita za ujazo 3 kwenye daftari. Makosa hayo hayaendi upande mmoja siku zote, lakini mpimaji anayepima kwa macho huwa na upande anaoupenda. Mwandikie namba kila gogo kwenye uso wake, na namba hiyo iingie daftarini pamoja na urefu, kipenyo na namba ya timu. Bila namba huwezi kurudia kupima, na ugomvi wa Jumamosi jioni hauishi.

Misindano isikae uwanjani. Ndani ya siku chache za joto na unyevu ukungu wa bluu huingia kwenye mbao. Haidhoofishi mbao sana lakini wateja wa mjini hawaitaki kwa kazi ya kuonekana. Kama lori limekwama, acha kuangusha misindano; mti uliosimama haupati bluu.

Kukokota, mvua na kupakia

Trekta la shamba lisivuke mteremko wa zaidi ya asilimia 25, na lisipite kwa ubavu wa mlima likiwa na mzigo. Mnyororo ufungwe kwenye ndoano ya chini, chini ya ekseli. Ukifungwa juu, gogo likinasa kwenye kisiki trekta huinua pua na kumpindukia dereva. Hakuna anayepanda juu ya gogo linalokokotwa, wala kutembea pembeni ya mnyororo.

Udongo wa hapa ni wa majivu ya volkano. Kiangazi ni vumbi mpaka magotini, masika ya Machi hadi Mei unageuka sabuni. Njia iliyonyooka kushuka mlima ikikokotewa wiki mbili inakuwa mfereji, na mvua ya kwanza inaumaliza kuwa korongo. Pindisha njia, tandika matawi penye matope, na ukimaliza eneo chimba matuta ya kukinga maji yanayokata njia kwa mshazari kila mita 20 hadi 30 penye mteremko mkali, maji yaelekezwe kwenye majani. Fanya hivyo eneo linapofungwa, kwa sababu timu ikishahama hakuna atakayerudi na jembe.

Kupakia kwa mikono ndiko kunakovunja miguu. Gogo bichi la msindano la mita za ujazo 0.26 linakaribia kilo 250. Likipandishwa kwa kubingirisha juu ya nguzo mbili, nguzo ziwe ndefu ili mwinuko usiwe mkali, ziwekewe vizuizi visivyoteleza, na kamba mbili zivutwe na watu walio upande wa pili wa lori. Hakuna anayesimama nyuma ya gogo kulisukuma kwa bega, hata kama wamezoea. Kwa uzito huo, Fuso la kubeba tani 7 linajaa kwa mita za ujazo 7 hivi. Wapakiaji watakuambia linaweza kubeba zaidi, na mizani nayo itakuwa na la kusema.

Kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, vya Marangu, Machame au Kibosho mambo ni mengine kabisa. Mgrevilea umesimama kati ya migomba, kahawa na bati la jirani, na mara nyingi waya za umeme. Mti wa hivyo hauangushwi. Unashushwa kwa vipande kutoka juu kwa kamba, na penye waya unaita TANESCO wazime kwanza. Kazi hiyo ni ya watu wengine, usiichukue kwa timu ya shambani.

Siku ya ajali

Kila asubuhi, kabla ya kazi, watu watano wajue majibu ya maswali matatu: gari gani litabeba mgonjwa na funguo ziko kwa nani, mtandao wa simu unashika wapi, na hospitali ni ipi. Kutoka West Kilimanjaro mpaka hospitali ya KCMC, Moshi, ni mwendo, na sehemu ya barabara ni ya vumbi. Mtu aliyekatwa paja na chensoo hana muda wa watu kutafuta dereva. Sanduku la huduma ya kwanza liwe na bandeji kubwa za kukandamiza jeraha na mkanda wa kufunga juu ya jeraha linalomwaga damu, na liwe mita chache kutoka wanakokata, si kwenye kibanda cha mlinzi. Angalau wawili wajue kulitumia.

Wafanyakazi wote waandikwe WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) kabla ya kushika panga, vibarua wa wiki mbili wakiwemo, na OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi) wakija wakute daftari la ajali limejazwa, pamoja na zile ndogo. Wa chini ya miaka 18 hawaingii kitaluni kwa kazi yoyote. Hii ni kazi hatarishi kisheria, na kijana anayeletwa "abebe maji tu" kesho yake utamkuta anashika kamba.

Lori la mwisho lipakiwe mapema. TP, yaani kibali cha kusafirishia mazao ya misitu, iandikwe idadi na ujazo ule ule ulio kwenye daftari la mpimaji.